Kamera Ndogo na Sura ya Mitaa Yetu

Siku hizi ukipita Mji wa Kale wa Mombasa baada ya alasiri, kutoka mbele ya Ngome ukaingia Ndia Kuu mpaka ukateremkia Bandari ya Kale, hukosi kukutana na vijana watatu wanne wenye kamera ndogo mkononi, zisizozidi ukubwa wa kijaluba cha tambuu. Baadhi yao ni wageni, lakini wengine ni watoto wetu wenyewe wa Kibokoni, Bondeni na Majengo. Simu wanazo mfukoni, tena nzuri, wala hawazitoi. Husimama pembeni mwa msikiti au mkabala wa mlango wa nakshi, wakangoja mtu apite, kamera ikalia kijisauti kidogo, wakaenda zao.

Jambo hili lina habari nyuma yake. Kamera hizi ndogo za dijitali zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa kuwa maiti. Mwaka 2010 viwanda, vingi vyao vya Japani, vilitoa zaidi ya milioni 100 za namna hiyo. Ilipofika mwaka 2023 soko lake lilikuwa limeliwa na simu, zikatolewa chini ya milioni mbili. Kisha mwaka 2024 hesabu ikaanza kupanda tena, na kamera moja ya Fujifilm iitwayo X100VI, iliyotoka mwaka huo, ikaagizwa na watu wengi kuliko kiwanda kilivyoweza kuiunda. Ukiwauliza vijana kilichowarudisha, watakuambia wamechoka na picha za simu, ati zote zafanana. Jibu hilo ni kweli nusu. Nusu ya pili ni kwamba kamera hizi zina vichujio vyake ndani kwa ndani, na vichujio hivyo ndivyo vipendwavyo. Mtu hugeuza kigurudumu kimoja tu, na mtaa anaoujua tangu utotoni ukamtokea kama picha ya kitabuni.

Yafaa kwanza tuelewane kichujio ni nini. Mama zetu walichuja tui kwa kifumbu: tui likapita, machicha yakabaki. Zama za filamu mpiga picha naye alikuwa na vifumbu vyake, vipande vya kioo cha rangi alivyovifunga mbele ya lenzi. Katika picha ya nyeusi na nyeupe, kioo cha njano kiliitia mbingu kivuli kidogo ili mawingu yaonekane. Chekundu kiliifanya mbingu ya adhuhuri iwe nyeusi kama ya masika, na ngozi ya mtu ikatoka nyeupe kuliko ilivyo. Cha kijani kiliitia ngozi uzito. Katika kamera ya leo hakuna kioo cha kufunga. Mwanga ukisha kuingia, mashine hupiga hesabu zake: hapa ongeza weusi, pale punguza rangi, tia chembechembe kama za filamu ya kale. Olympus ilikuwa miongoni mwa waliotangulia kuvitangaza kwa jina la vichujio vya sanaa, katika kamera yake ya E-30 ya mwaka 2008. Fujifilm, ambao ni watu wa filamu tangu mwaka 1934, walitia ndani ya kamera sura za filamu zao wenyewe: Velvia yenye rangi za kuwaka, na tangu mwaka 2016 Acros ya nyeusi na nyeupe, ambayo hata vile vioo vya njano, nyekundu na kijani imeigizwa navyo. Mwaka 2014 wakaongeza Classic Chrome, ya rangi zilizonyamaza, mithili ya picha za majarida ya habari ya zamani. Ricoh nao, katika kamera zao za GR, wana kimoja cha nyeusi na nyeupe kali mno. Hicho ndicho nitakachokishika zaidi, kwa kuwa ndicho ninachokiona katika picha nyingi zinazopigwa mitaani kwetu.

Kichujio hicho hakikuzuka hivi hivi. Kina kwao. Mjapani Daido Moriyama, aliyezaliwa mwaka 1938, alipata sifa kwa picha za vichochoro vya Shinjuku, mjini Tokyo. Mwaka 1968 wenziwe walianzisha jarida liitwalo Provoke, naye akajiunga nao katika toleo la pili. Lilitoka mara tatu tu, likafa. Picha zao zilikuwa zimejaa chembechembe, zimetikisika, hazikulengwa sawasawa, na weusi wake kama lami. Watu hao walikuwa na sababu. Nchi yao ilishindwa vitani mwaka 1945, ikakaliwa na majeshi ya Marekani mpaka 1952, kisha ikatajirika mbio mbio huku kambi za Wamarekani zikiwa bado zipo, na mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wakawa wanapambana na polisi barabarani. Picha safi iliyonyooka waliiona ni uongo. Weusi ule ulikuwa kauli. Baadaye Moriyama alizoea kupiga kwa kamera ndogo za Ricoh GR, kwanza za filamu, kisha za dijitali, na vijana wa dunia nzima wakamfuata. Sisemi kwamba kiwanda kilimnakili. Nasema kwamba anayezijua picha za Moriyama hawezi kukitazama kichujio kile asimkumbuke, na kwamba huzuni iliyowagharimu watu wa Tokyo miaka mingi sasa yapatikana kwa kidole kimoja, hata kwa mtu asiyepata kulisikia jina la Shinjuku.

Sasa kichukue kichujio hicho ukilete Kibokoni saa nane mchana.

Mimi nilikileta. Kwa siku tatu nilitembea na GR ya kuazima, kila kitu nikakipiga mara mbili, mara moja kwa kichujio hicho na mara moja kwa rangi za kawaida, kisha nikaziweka picha ubavu kwa ubavu. Ukuta wa chokaa uligeuka karatasi. Nyufa zake, matabaka ya rangi ya miaka na miaka, unyevu unaopanda kutoka chini, yote yalikwenda. Kofia ya vito, ambayo mshonaji huifanyia kazi miezi, tundu baada ya tundu, ikawa duara jeupe. Ungedhani mtu kavaa kikombe. Kisutu cha harusi, chekundu cheusi na cheupe, kilitoka madoa tu, maana mbele ya hesabu ile nyekundu na nyeusi ni ndugu. Na leso yenye jina lake pindoni, ambalo wakati mwingine ndilo sababu hasa ya kununuliwa, haikusomeka hata herufi moja. Leso isiyosomeka ni nini? Ni kitambaa.

Lakini kilichonikera zaidi ni buibui. Asiyejua hudhani buibui ni weusi mtupu. Anayeishi nasi ajua kwamba kuna weusi wa hariri na weusi uliofifia kwa jua. Kuna mikono iliyotiwa nakshi ya uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi. Kuna mkunjo wa mtu mzima na mkunjo wa msichana wa juzi. Wanawake wetu hutambuana kwa mbali, kabla ya sauti, kwa buibui hilo hilo. Kichujio hakiyajui hayo. Hulifanya buibui kuwa shimo lililokatwa ukutani, na wanawake mia wakawa mwanamke mmoja, kivuli kisicho na mwenyewe kinachopita mbele ya ukuta mweupe. Na hiyo, ndugu msomaji, ndiyo picha ya Uislamu inayopata soko sana ng'ambo. Kijana wetu aipiga akidhani anafanya sanaa yake, kumbe amekwisha tiwa miwani ya mtu mwingine.

Nisiwe mwenye kudhulumu. Yapo mambo ambayo kichujio kile huyafanya vizuri kupita rangi. Muuza kahawa wakati wa magharibi, na dele lake la shaba likishika mwanga wa taa ya duka, kichochoro kilichonyeshewa, mlango wa nakshi jua likiupiga ubavuni, mpaka kila ua na kila mnyororo ukasimama, mikono ya fundi seremala. Chuma, maji, mbao na usiku hukipenda. Watu waliovaa nguo nyeupe na nyeusi chini ya jua la pwani hakikipendi, nasi karibu sote tumevaa hivyo.

Wala si mara ya kwanza kwa ufundi wa picha kupimwa kwa macho yasiyo yetu. Kwa miaka mingi maabara za filamu za Kodak zilisawazisha rangi zao kwa kadi yenye picha ya mwanamke wa Kizungu, na ngozi nyeusi ikatoka vyovyote itakavyotoka. Imesimuliwa kwamba miongoni mwa waliolalamika mpaka wakasikilizwa ni wauzaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka rangi za kahawia za bidhaa zao zitofautiane! Mwaka 2021 Google walipotoa simu yao ya Pixel 6 walijitangaza kuwa wameishughulikia ngozi nyeusi, kana kwamba ni habari. Kwa hiyo anayesema kichujio ni mchezo tu, hakina upande, naona hajatazama vya kutosha.

Katika siku zile tatu nilimwomba mama mmoja jirani, mtu wa makamo, idhini ya kumpiga akitoka dukani. Akanikubalia. Jioni nikampelekea picha zote mbili. Aliitazama ya kichujio, akaigeuza kidogo, akaniuliza, "Mwanangu, huyu ni nani?" Nikamwambia, "Ni wewe, mama." Akacheka. "Basi hiyo watolee watu, hakuna atakayenijua. Hii ya rangi nipe mimi."

Maneno yake yamenifikirisha kuliko vitabu nilivyosoma juu ya jambo hili. Kwangu mimi weusi ule ulikuwa unamfuta. Kwake ulikuwa sitara. Yeye hakuona taabu kuwa kivuli mbele ya watu asiowajua, maadamu sura yake halisi imebaki nyumbani kwake, pamoja na rangi ya leso iliyochungulia chini ya buibui. Kwa hiyo siwezi kusema kichujio ni kibaya na rangi ni njema. Kilichopo ni kwamba yeye aliulizwa, akachagua.

Na kuchagua ndiko kulikokuwa desturi ya picha katika pwani yetu. Studio ya Parekh mjini Mombasa, katika miaka ya 1950 na 1960, ilipokea familia zilizokuja zimejipamba, zikapigwa kama zilivyotaka zionekane. Lamu alikuwapo Omar Said Bakor, aliyejifundisha kazi mwenyewe, akawa anakata na kuunganisha picha mpaka mtu akatokea ndani ya ua au ndani ya mapambo mengine ya ajabu. Karibu na kivuko cha Likoni, katika miaka ya 1990, wapiga picha walijenga vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa majumba, meli na ndege, na abiria aliyekuwa hajapata kupanda ndege akapigwa mbele yake. Yote hayo yalikuwa vichujio, tena vya uongo kuliko vya Ricoh. Tofauti ni kwamba pambo lilikuwa la mwenye sura. Yeye ndiye aliyelitaka, akalilipia, akalipeleka kwa jamaa zake. Katika picha za mtaani pambo ni la mpigaji. Mwenye sura amekwisha kwenda sokoni, wala hana habari kwamba amegeuzwa.

Hapo pana jambo ambalo wasomaji wa mambo ya dini watalitambua. Wanavyuoni walihitilafiana juu ya picha za kamera tangu zilipoenea. Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia aliikataza isipokuwa kwa dharura. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914 hadi 1920, aliandika risala ya kuijuzisha, na nguzo ya hoja yake ni kwamba kamera haiumbi kitu; yazuia tu kivuli ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba, mfano wa kioo kishikacho sura ya anayejitazama. Mimi si mwanachuoni wala sitoi fatwa. Lakini nauliza: kioo kinachopaka ngozi weupe, kinachotia mbingu weusi usiokuwapo, kinacholainisha uso wa mzee, ni kioo kile kile? Ningependa kuwasikia masheikh wetu wakilizungumza hilo, kwa kuwa vijana wao wanalifanya kila siku, nao kwa kawaida hawaulizi.

Lililo wazi zaidi ni la kupiga kwa siri. Sura ya Hujurat imekataza kupelelezana, na Sura ya Nur imefundisha kubisha hodi na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba za watu. Watetezi wa picha za mitaani husema kwamba mtaani si nyumbani kwa mtu. Hoja hiyo imetoka Paris, New York na Tokyo, ambako barabara ni ya kila mtu na watu hawajuani. Katika lugha yetu barabara ni njia ya magari. Mtaa ni watu wanaokaa pamoja. Huko Lamu, ukiacha Usita wa Mui ukaingia ndani kuelekea Mkomani, njia ni nyembamba mpaka punda wawili wenye mizigo wapishane kwa taabu, na daka la mlango, ambalo ni la mwenye nyumba, lipo hatua moja kutoka njiani. Baraza ya nje si ya barabara wala si ya chumbani. Bibi aliyekaa pale na shela lake limelegea hajatoka nje.

Sheria ya nchi nayo haikukaa kimya. Katiba ya mwaka 2010 imeutaja usiri wa mtu katika kifungu cha 31, ikaja Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na mwaka 2023 Kamishna wa Data alizitoza faini taasisi zilizotangaza picha za watu bila ridhaa: klabu moja ya starehe ya Nairobi shilingi 1,850,000, na shule moja, kwa picha za watoto, shilingi 4,550,000. Hata hivyo sheria hiyo imewaachia nafasi wenye kupiga kwa matumizi yao ya nyumbani, na kwa masharti yake waandishi wa habari na wasanii. Kwa hiyo kijana wa GR aweza kusimama mahakamani akashinda. Kwa mama wa barazani hashindi.

La kufurahisha ni kwamba umbo lenyewe la kamera hizi laweza kutusaidia. GR ya kawaida ina lenzi moja tu isiyovuta, ya milimita 28 kwa hesabu ya filamu ya kale. Ukitaka mtu aijaze picha, sharti usogee mpaka hatua mbili tatu kutoka kwake, na katika umbali huo, kwetu, huwezi kukosa kutoa salamu. Mwenye lenzi ndefu kama bomba aweza kusimama ng'ambo ya pili akaiba. Huyu wa mfukoni yuko ndani ya pua yako. Akisema "Assalaam aleikum", akajibiwa, ameshajua kama picha ipo au haipo.

Kwa wale watakaoendelea, na sioni kwa nini wasiendelee, nina maneno machache ya ufundi. Usipige kwa kichujio kikali tangu saa nne mpaka alasiri. Chokaa yetu yatupa mwanga mwingi mno. Ukipenda nyeusi na nyeupe, GR hiyo hiyo ina nyingine laini, na Acros yaruhusu vivuli vilegezwe. Vilegeze mpaka mkunjo wa buibui uonekane. Jihadhari na kile chekundu cha kuigiza, maana humchubua mtu bila sabuni. Leso ipigwe kwa rangi, basi. Classic Chrome hupunguza wekundu na buluu, inafaa kwa mawe na mbao kuliko kwa harusi.

Tena, na hili ndilo kubwa, iamuru kamera ihifadhi faili ghafi pamoja na picha iliyochujwa. Faili ghafi ni mwanga kama ulivyoingia, haujakamuliwa. Picha iliyochujwa peke yake hairudishiki, kama vile tui halirudi naziini. Nyumba za Mji wa Kale zinabomoka na nyingine zinabomolewa, ingawa sehemu hiyo imehifadhiwa kisheria. Huenda picha ya kijana wa leo ikawa ndiyo ushahidi pekee wa rangi ya dirisha fulani au nakshi ya roshani fulani, na mtafiti wa mwaka 2060 hatashukuru akikuta lami. Kadi ya gigabaiti 64 yachukua zaidi ya picha elfu moja za namna zote mbili, na GR yenyewe yaweza kuichuja faili ghafi baadaye, bila kompyuta. Kichujio chaweza kungoja mpaka baada ya isha, nyumbani, na kikombe cha chai kando.